Bustani Iliyo Ndani ya Nyumba Wakati wa Kipupwe

Watu wa nchi za joto wakisikia neno kipupwe hufikiri upepo mtamu tu wa mwezi wa Julai, upunguzao jasho. Sisi tukaao katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, huku Njombe, Makete na Mufindi, twaijua habari nyingine. Kwetu kipupwe ni miezi mitatu, Juni, Julai na Agosti, ambayo mtu huweza kuamka asubuhi akaona nyasi zimefunikwa na kitu cheupe kama unga. Hiyo ndiyo sakitu, na wengine huiita jalidi. Jua likipanda kidogo sakitu huyeyuka, na majani ya viazi, maharagwe, nyanya na maboga hubaki meusi kana kwamba yamepitiwa na moto.

Katika miezi hiyo wengi wenye bustani hukaa kama watu walionyang'anywa jembe. Udongo ni mkavu, mvua haitarajiwi hata Novemba, na asubuhi vidole vina ganzi. Utasikia mtu akisema, "Bustani imekufa, tungoje mvua." Neno hilo silikubali. Bustani haikufa, imehamia nyumbani: imo katika kibuyu, katika ungo, juu ya kichanja na katika daftari. Na yale yatendwayo huko karibu na moto, kabla ya tone moja la mvua kuanguka, ndiyo yaamuayo kama watoto watakula mboga mwezi wa Januari ama watakula ugali kwa chumvi.

Kwanza yatupasa kumfahamu adui mwenyewe, maana adui asiyejulikana huogopwa kupita kiasi. Sakitu haitoki juu kama mvua, ingawa twasema imeanguka. Usiku usio na mawingu wala upepo, joto la udongo hupotea angani, kwa sababu hapana wingu la kulizuia kama blanketi. Hewa iliyo karibu na ardhi hupoa, na kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, huteremka kama maji na kutuama bondeni. Kwa hiyo vinyungu vyetu, yaani bustani za mabondeni tulimazo wakati wa kiangazi, huungua kabla ya shamba lililo juu ya mteremko. Baridi ikishuka hata nyuzi 0 na chini yake, unyevu wa hewani huganda juu ya majani, na maji yaliyo ndani ya jani laini huweza kuganda pia na kuliharibu. Kabichi, karoti na vitunguu huvumilia kwa kiasi. Maharagwe na nyanya haviwezi. Ajuaye hayo hatashindana na baridi kwa kupanda maharagwe bondeni mwezi wa Juni. Atapanda kinachovumilia, na kisichovumilia atakitunza ndani kwa saburi.

Tena tuna mfano ulio karibu nasi. Juu huko Makete uko uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Tangu mwaka 2005 ni Hifadhi ya Taifa, yenye kilomita za mraba 412 na kitu, na ndani yake zimehesabiwa aina 350 hivi za mimea. Katika hizo aina 45 ni okidi ziotazo ardhini. Mgeni apitaye huko mwezi wa Julai huona nyasi kavu na sakitu, naye huuliza maua yako wapi. Yako chini. Okidi nyingi za huko huacha majani yake yafe, zikalala ardhini katika viazi vidogo hata mvua iziamshe, na kuanzia Desemba hata Aprili uwanda hujaa maua. Walakini watu walikuja wakavichimba viazi hivyo kwa wingi ili viuzwe Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda, na biashara hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya kuuhifadhi uwanda. Funzo lake lafaa hata kwa nyumba zetu: bustani iliyolala si bustani iliyokufa, na mtu alaye kilicholala ameila bustani ya mwaka ujao.

Basi sasa tuingie ndani, tuzitazame kazi moja moja.

Kazi ya kwanza ni kuchambua mbegu. Hii ndiyo niipendayo kuliko zote, nami nitaeleza sababu. Mama yangu mzazi, katika miaka yake ya mwisho, hakuweza tena kushuka bondeni. Magoti yalimkatalia, na macho yaliingia ukungu. Yeye aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo alikaa sasa karibu na moto, akasema mara nyingi, "Mimi sasa ni wa kula tu." Neno hilo lilituuma sote, wala hatukuwa na jibu. Kipupwe kimoja mke wangu alimwekea ungo wa maharagwe mapajani, akamwambia, "Mama, tuchagulie ya mbegu." Wajukuu wakakaa wakimzunguka. Mama hakuhitaji macho. Alishika kila punje kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, akaitupa iliyokunjamana, na iliyopasuka, na ile yenye kidirisha cha mviringo ambacho fukusi hukichonga kutoka ndani kabla ya kutoka. Watoto wenye macho mazima waliziokota punje alizozikataa, wakazitazama mwangani, wala hawakupata hata moja ya kumrudishia.

Siku ya tatu vidole vyake vilisimama juu ya punje ndogo iliyochanganyika na nyingine. Akauliza, "Hii si ile nyeupe yenye jicho jeusi?" Ikawa ndivyo. Akatueleza ya kuwa hiyo ni mbegu aliyokuja nayo alipoolewa. Kwamba huiva mapema kuliko nyingine zote, nayo ndiyo iliyowalisha katika miaka ya mvua fupi. Na kwamba watu waliiacha kwa sababu punje zake ni ndogo, na sokoni haina bei. Tukatafuta katika maharagwe yote ya nyumba, tukapata konzi mbili. Binti yetu akaandika maneno ya bibi yake katika daftari: rangi ya mbegu, siku za kuiva, na namna ya kuipika. Mwezi wa Novemba tuliipanda peke yake. Mama alifariki mwezi wa Januari, maganda yakiwa yangali mabichi. Mbegu ile tunayo hata leo, na majirani kadhaa wanayo. Kama angalikaa penye moto mwaka ule bila ungo mapajani, tungalimzika pamoja na habari hiyo.

Kwa hiyo nawasihi wenye nyumba, msiwafanyie wazee kazi ya mbegu, bali wapeni waifanye, na watoto wakae karibu wenye kalamu. Mzee asiyeweza kushika jembe aweza kushika punje. Miezi mingine yote watoto wako mbali naye, shambani ama shuleni. Baridi peke yake ndiyo iwakusanyayo mahali pamoja.

Kazi ya pili ni kuipima mbegu kama ina uhai. Nilipata kuona nyumba moja iliyopanda maharagwe baada ya mvua ya kwanza, ikangoja siku 14, wala hayakuota ila machache. Mbegu ilikuwa nzuri machoni, hata iling'aa, lakini ilikuwa imekufa ndani. Ikawabidi wauze mbuzi wanunue nyingine, na mvua ilikuwa imekwisha kuwatangulia. Msiba huo ungaliweza kujulikana mwezi wa Julai kwa kitambaa kimoja na kikombe cha maji.

Namna yake ni hii. Hesabu punje 20 bila kuzichagua. Zipange juu ya kitambaa safi kilicholoweshwa na kukamuliwa, uzikunje ndani yake, na kitambaa ukitie katika bakuli lililofunikwa kidogo. Liweke mahali penye uvuguvugu karibu na jiko, pasipo moto mkali, na kila siku utazame kama kitambaa kina unyevu. Baada ya siku 7 hata 10 hesabu zilizotoa mzizi. Zikiwa 17, basi katika kila punje 100 wapata 85, na hiyo ni mbegu njema. Zikiwa 10, nusu imekufa, nawe itakupasa kupanda mara mbili ya kipimo chako. Zikipungua hapo, mbegu hiyo ipike, utafute nyingine mapema kabla bei haijapanda. Wenzangu walimu wataona ya kuwa hesabu za sehemu kwa mia zapatikana hapa bila ubao. Na mtoto ambaye huchoka kuhesabu namba za kitabu hachoki kuhesabu mizizi. Mbegu za vitunguu zipimwe kila mwaka, maana uhai wake ni mfupi kuliko wa nyanya au kabichi.

Kazi ya tatu ni kuiweka mbegu salama. Hapa baridi yetu si adui tena, bali ni mtumishi. Mtaalamu wa Marekani, James Harrington, alitoa kanuni ambayo watunza mbegu huitumia hata sasa: unyevu wa mbegu ukipungua kwa sehemu 1 katika 100, maisha yake katika ghala huongezeka mara mbili, na joto la ghala likipungua kwa nyuzi 5, huongezeka tena mara mbili. Kanuni hiyo ina mipaka yake, lakini kwa nyumba zetu yatosha. Ndiyo sababu ghala kubwa la mbegu za dunia lililofunguliwa mwaka 2008 huko Svalbard, katika nchi ya Norwei, lilichimbwa ndani ya mlima wa baridi, na mbegu zake hukaa katika nyuzi 18 chini ya sifuri. Sisi hatuna mlima wa barafu, lakini chumba cha upande usiopigwa na jua, mbali na jiko, ni ghala jema kuliko chumba cha watu wengi wa pwani.

Ila mbegu iwe kavu kwanza. Ili kujua, tia konzi ya mbegu katika chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu kidogo, uifunge na kuitikisa, kisha uiache itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mbegu bado ina maji. Ianike tena kivulini penye upepo. Ikishuka yote chini, weka mbegu yako. Kwa maharagwe, wazee walichanganya majivu yaliyochekechwa na kupoa, hata yakajaza nafasi iliyo kati ya punje, ili fukusi asipate njia ya kutembea. Iko na dawa nyingine isiyo na gharama. Mtoto wa fukusi, ili atoboe haragwe, huhitaji kuegemea punje ya jirani kwa muda mrefu. Punje zikisogezwa, hupoteza tundu alilolianza, naye huanza upya hata akafa kwa uchovu. Wataalamu wa Marekani walieleza jambo hilo mwaka 1991. Basi kibuyu kikibiringishwa asubuhi na jioni, fukusi hupungua sana. Wape watoto wadogo kazi hiyo, nao wataifanya kwa kicheko.

Neno moja kwa wanunuao mbegu chotara za dukani: hizo huzaa vizuri mara moja, lakini ukizitunza mbegu zake, mwaka wa pili mimea haifanani na mama yake. Zipandwe, zisiwekwe akiba.

Kazi ya nne ni viazi mviringo. Kiazi kilichovunwa Aprili au Mei hulala miezi miwili au mitatu, kisha macho yake huanza kufunguka, na huo ndio wakati wa kipupwe. Kikiachwa gizani ndani ya gunia, hutoa chipukizi ndefu nyeupe, dhaifu kama nyuzi, zivunjikazo zikiguswa. Kikipangwa juu ya kichanja karibu na dirisha, safu moja au mbili tu, katika mwanga usio wa jua kali, hutoa chipukizi fupi, nene, zenye rangi ya kijani au zambarau. Kiazi hicho kikipandwa huota upesi na kwa nguvu. Walakini akina mama wafahamu ya kuwa kiazi kilichogeuka kijani kwa mwanga kina sumu, wala kisiingie chunguni. Kichanja cha mbegu kiwe mbali na kapu la chakula, na watoto waambiwe sababu.

Kazi ya tano ni ya kufurahisha macho na chungu pia. Chukua makopo ya zamani, uyatoboe chini, uyajaze udongo mzuri, uyaweke penye dirisha lipatalo jua la asubuhi. Panda giligilani, au nanaa, au vitunguu vidogo ili ukate majani yake. Sisi tulio karibu na mstari wa ikweta tuna bahati ambayo watu wa Ulaya hawanayo: mchana wa London katika Desemba hautimizi hata saa 8, lakini hapa mwezi wa Juni twapata saa 11 na nusu. Mwanga tunao, tukosacho ni joto la usiku. Kwa hiyo jioni ondoa kopo karibu na kioo, ulilaze ndani zaidi. Tena mwagia maji machache. Mmea ulio katika baridi hunywa kidogo, na mwingi ufao ndani ya nyumba hauui kwa kiu, bali huoza mizizi kwa huruma ya mwenyewe.

Kazi ya sita ni daftari na mkeka. Jioni, kazi zikiisha, tandika mkeka, na watoto wapange bustani ya Novemba juu yake kwa punje na vijiti: hapa tuta la kabichi, hapa maharagwe, hapa viazi. Kisha fungua daftari mtazame palipandwa nini mwaka jana. Viazi, nyanya na bilinganya ni ndugu wa ukoo mmoja, na ugonjwa wa mnyauko ulioachwa udongoni na mmoja humshika mwingine. Basi wasirithiane tuta. Andika pia tarehe ya sakitu ya kwanza na ya mwisho, na mahali ilipounguza. Baada ya miaka mitano nyumba yako itakuwa na elimu ambayo haiuzwi dukani, kwa kuwa ni ya bonde lako peke yake.

Sasa nina onyo, nalo ni zito kuliko yote niliyoandika. Katika kukaa ndani, wengi huingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Makaa yawakayo hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu, wala haikohozi mtu kama moshi. Huleta kichwa kuuma, kizunguzungu na usingizi, na waliolala hawaamki. Kila mwaka katika nchi za baridi nyumba hupata msiba kwa njia hii. Jiko la makaa lisilale chumbani kamwe, hata likionekana kuwa limezimika. Wakati wa kuchambua mbegu penye moto, dirisha liachwe wazi kiasi cha kiganja, na mtu akiona kichwa kizito, wote watoke nje kwanza, maswali yaje baadaye. Afadhali blanketi la pili kuliko makaa.

Ndugu wasomaji, hizo kazi sita hazihitaji fedha nyingi. Zahitaji ungo, kitambaa, chupa, kichanja, makopo na daftari, na watu wa nyumba walio tayari kuketi pamoja. Yeyote asiye na nafasi ya zote na afanye ile ya pili tu, nayo ianze juma hili: hesabu punje 20, lowesha kitambaa, na uandike tarehe. Baada ya siku 10 utajua kama una mbegu ama una mboga ya kupika tu, na bado utakuwa na miezi ya kutosha kutafuta nyingine kabla ya mvua.